Hilo Tonge Ni Langu

Nimefungua dawa ya aleji ya mwanangu, na harufu yake tamu imenirudisha Kilole nilikokulia, siku zile mama alipokuwa amezikwa karibuni na mdogo wangu hataki kula.

Jirani alituletea chupa kama hii. Ni ya aleji, lakini mtaani kwetu watoto waliokonda walinyweshwa ili wapate hamu ya kula.

“Mtilie upawa mmoja kwenye uji,” aliniambia. “Atakula kama mkata mkonge!”

Sikumpa. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, nimevaa sketi ya shule niliyokuwa nimeshaacha.

“Shikamoo, nesi,” nilisema, nikamwonyesha ile chupa. “Jirani kasema upawa mmoja. Nimpe kiasi gani?”

“Marahaba, mwanangu. Usimpe kabisa.” Alimpima mtoto taratibu. “Upawa mzima ungemlewesha usingizi, angeweza hata kushindwa kupumua. Huyu hana aleji wala homa. Ana majonzi. Huwa anakula na nani?”

“Alikuwa anakula na mama.”

“Basi sasa ale na wewe, sahani moja. Asipoanza kula, mrudishe hapa.”

Jioni nilimpakata, nikafinya ugali wa moto, nikachovya kwenye mlenda. Tonge lilipokaribia kinywa changu, akanidaka mkono.

“Hilo langu, dada,” alisema, akaachama.