Bei ya Jumla ya Jihan

Jihan binti Nabhan wa Ng'ambo hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza nyoka stoo kwa ufagio, watu wazima wamepanda juu ya meza. Lakini Ijumaa ile, saa nne asubuhi, alikuwa amekaa juu ya gunia la karanga macho kwenye kioo cha kompyuta, kahawa inamwagikia kanga.

Baba yake, Mungu amrehemu, aliuza mchele, karanga na asali kwa jumla. Alipofariki, Jihan aliendelea na duka, na kule stoo akafunga kompyuta nne zenye nguvu, akawa anazikodisha kwenye mtandao usio na mwenyewe. Mtu yeyote duniani analeta hesabu zake ngumu, anataja ukubwa wa kazi na saa anayoitaka iwe tayari. Wenye mashine wanataja bei, naye anachagua. Ukichaguliwa unaweka dhamana kulingana na ukubwa wa kazi. Ukichelewa hata dakika moja, dhamana yote inakwenda kwa mteja, na hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Kwa miaka miwili alichukua kazi ndogondogo, za saa moja, saa mbili. Hazikumtajirisha, lakini alilala usingizi. Jumatano ikaja kazi ya vipande sitini, muda wake saa arobaini. Na huyu mtoto wa duka akafanya nini? Akafanya kama baba yake! Anayechukua gunia moja analipa bei kamili, anayechukua sitini anapunguziwa. Jihan akakata robo nzima ya bei. Wenzake kwenye mtandao walikuwa wameipandisha, naye akawacheka kwamba hawajui biashara.

Wao ndio waliojua, jamani. Kazi kubwa yenye muda mfupi inakushikia mashine zote, haikuachii nafasi ya kupumua, kwa hiyo bei yake hupanda. Karanga ukiuza gunia sitini kwa mkupuo hazichoki. Mashine inachoka.

Kibaya zaidi ni dhamana. Ilitakiwa milioni nne na nusu, na Jihan hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni nauli ya Umra ya mama yake, Bi Fakhria, miaka sita ya kuuza asali chupa kwa chupa. Mama alimpa amtunzie kwa sababu yeye ndiye anayejua mambo ya simu. Jumatatu ilitakiwa ifike kwa wakala wa safari. Itakuwa imerudi kabla hajajua, Jihan alijiambia, na akabonyeza.

Sasa ilikuwa Ijumaa, mwisho ni saa nane mchana, na kioo kilionyesha asilimia themanini na nane. Alipiga hesabu mara tatu. Kwa mwendo ule haifiki.

Akamwita Kashindye, fundi majokofu wa ng'ambo ya barabara. Kashindye aliweka kiganja juu ya mashine, akakitoa haraka.

"Dada, hizi zimeshikwa na joto. Zinajipunguzia mwendo zenyewe zisiungue."

"Mbona miaka miwili hazikusumbua?"

"Zilikuwa zinapumzika kati ya kazi na kazi. Wewe umezifungia chini ya mabati haya, na joto hili la Oktoba, tangu Jumatano hazijapumua!"

Akaleta mabonge ya barafu kwenye mabeseni, akayapanga mbele ya feni. Mwendo ukapanda. Tisini na moja. Tisini na nne. Adhana ya Ijumaa ililia, Kashindye akaenda kwake, na Jihan hakubandua macho kwenye kioo. Alikuwa anaomba dua zote alizofundishwa madrasa, hata ile ya kuingilia chooni ilimtoka. Saa saba na nusu, tisini na nane. Barafu ilikuwa imeyeyuka yote, maji yamefurika sakafuni, mwendo umeshuka tena.

Saa nane kasoro dakika moja, tisini na tisa. Mlango wa stoo ukafunguliwa.

Bi Fakhria aliingia na baibui lake jipya, jasho linamtiririka, uso umemnawiri. Tangu asubuhi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama afanyavyo mtu anayekwenda Makka.

"Mtaa mzima nimeumaliza," alisema. "Hata Shamila tuliyenuniana miaka kumi na moja, tumekumbatiana. Umebaki wewe."

"Mama, ngoja kidogo tu."

"Singoji. Safari ni safari, mwanangu, kuna kurudi na kutorudi." Akajiweka mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia. "Nimekulea kwa ukali. Kama nilikukosea kwa neno au kwa kofi, niwie radhi."

Kando ya baibui la mama, Jihan alikiona kioo kikibadilika. Maandishi yalikuja mafupi: muda umekwisha, dhamana imechukuliwa.

Akateleza kutoka kwenye gunia mpaka sakafuni, kwenye maji ya barafu, akaishika miguu ya mama yake.

"Usiniombe mimi, mama. Tafadhali, usiniombe mimi."

"Ala! Unalia nini? Nasafiri, sijafa." Bi Fakhria alicheka, mkono wake bado ameunyoosha. "Haya, inuka useme umenisamehe, ili Jumatatu nikalipe nauli yangu moyo ukiwa mweupe."