Nati Zilizojificha Nyuma ya Rimu

Fundi Tharsisi Ndayikunda hapendi habari hii isimuliwe, nami simlaumu. Lakini nimembeba kwenye bodaboda yangu zaidi ya miaka kumi, na siku ile nilikuwepo. Nitaisema kama nilivyoiona.

Hapa Kibondo, mtu akitaka gari lake liinuliwe ili lipite matope ya Mabamba bila kukwama, anaelekezwa kwa Tharsisi. Anabadilisha springi, anafunga matairi mapana, na ili matairi hayo yasisugue bodi, anaweka spesa. Hicho ni kipande cha chuma cha mviringo, kinene kama andazi, kinachokaa kati ya habu, kitovu cha gurudumu, na rimu na kulisogeza gurudumu nje. Spesa inakazwa kwa nati zake yenyewe, kisha rimu inakuja juu na kuzifunika. Zikilegea, huzioni.

Tharsisi ni msafi kupita kiasi. Gereji yake inafagiliwa kama sebule, na kila chuma anachokishika anakipaka rangi, maana kutu anaichukia kama mwizi. Watu tulimsifu kwa hilo, na mimi nilikuwa wa kwanza kusifu.

Jumanne ile, saa mbili na nusu asubuhi, Mzee Nurudini, muuza vitenge wa Kasulu, aliondoka Kibondo na gari lake kurudi kwake. Lilikuwa limefungwa spesa tangu Jumamosi, na alikwishakwenda nalo Mabamba na kurudi. Kwa shukrani alimpa lifti Kezia, mke wa Tharsisi, aliyekuwa anakwenda Muyama, mbele ya Kasulu, kumchukua mama yake mgonjwa.

Saa tatu kamili nilimkuta Tharsisi amechuchumaa kando ya gari jingine, alilolifunga Jumamosi hiyo hiyo, likiwa limerudishwa kukaguliwa. Alikuwa amevua gurudumu. Akaishika nati ya spesa kwa vidole viwili tu, ikazunguka. Unga mweusi wa rangi ukamwagikia kiganjani mwake.

“Mana yanje, Mungu wangu,” alisema. “Abdalah, nimepaka rangi mpaka ndani.”

Sikuelewa. Akanieleza haraka haraka kwamba chuma cha spesa kinatakiwa kigusane na chuma kitupu. Ukiweka rangi katikati, inapata joto, inasagika, inaacha nafasi, na nati zinaanza kulegea zenyewe.

“Na la Mzee Nurudini?”

“Nalo nimelipaka.”

“Basi mpigie asimame!”

Alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. “Washa pikipiki. Huwa anasimama Kifura kunywa chai. Tutamkuta, nitakaza kimya kimya.”

Nilipaza sauti. “Fundi, mkeo yumo mle!”

“Namjua aliyemo! Endesha!”

Niliendesha, Mungu anisamehe. Nilikuwa na simu yangu na mdomo wangu, lakini nilimtii. Njiani alinipigia kelele sikioni, upepo ukichukua nusu ya maneno. Baba yake alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Yeye kazaliwa huku, ana kitambulisho cha taifa, analipa kodi. “Lakini fundi mwenyeji akikosea, watu wanasema nati imelegea. Nikikosea mimi, watasema mkimbizi ameua watu. Na Nurudini akijua asubuhi, soko zima la Kasulu litajua mchana.”

Mficha uchi hazai, nilisema moyoni, na laiti ningelisema kwa sauti.

Pale Kifura mama wa chai alitikisa kichwa. Gari lile lililoinuliwa lilikuwa limepita zamani, halikusimama hata kidogo. Ilikuwa saa tatu na nusu. Hapo ndipo Tharsisi alipopiga simu. Haipatikani. Walikuwa wameteremkia bonde la Malagarasi, ambako mtandao hakuna.

Nilimnyang'anya simu, nikampigia dada yangu Firdausi, anayeuza ndizi Makere. “Vunja matawi uyatandaze barabarani. Tandaza mengi!”

“Nani kafa?”

“Hajafa mtu. Fanya upesi!”

Dereva wa huku akiona majani barabarani anajua mbele kuna tatizo, hata awe na haraka ya namna gani atapunguza mwendo. Hilo ndilo lililokuwa limebaki.

Mwendo ule sitausahau. Kila kona nilitegemea kuona matairi yakitazama juu. Darajani nilichungulia mtoni, nikaona maji tu. Tharsisi alikuwa anasali kwa Kiha mgongoni kwangu.

Tulipofika Makere gari lilikuwa limesimama mbele ya matawi ya Firdausi, Kezia ameketi kivulini. Tharsisi hakusalimia mtu. Alipiga jeki gurudumu la nyuma kushoto, akalivua. Kati ya nati sita za spesa, mbili zilikuwa zimeanguka ndani ya rimu, tatu zilizunguka kwa vidole. Moja ndiyo iliyokuwa imeshika.

Aliinuka, akawatazama watu waliojaa pale. “Kosa ni langu,” alisema. “Nilipaka rangi pasipotakiwa.”

Mzee Nurudini alivuta pumzi. “Alhamdulillahi. Nilisikia mlio tangu Kifura, nikadhani mzigo unacheza. Funga vizuri, fundi, twende.” Basi. Lile neno alilokuwa analiogopa Tharsisi hakulitamka mtu yeyote.

Lakini Kezia alikuwa amesogea. “Baba Claudine, ulijua saa ngapi?”

Angeweza kudanganya, nami nisingemchongea. “Saa tatu.”

“Firdausi kasema kapigiwa saa tatu na nusu.”

“Ego, ni kweli.”

“Saa tatu tulikuwa bado tunapata mtandao. Nusu saa hiyo ulikuwa unafanya nini?”

Tharsisi aliinamisha kichwa. “Nilikuwa najificha.”

Kezia alichukua mfuko wake garini, akasimamisha basi la Kasulu, akapanda bila kuaga.

Alirudi baada ya wiki mbili, pamoja na mama yake. Wanaishi vizuri, wanacheka, na Tharsisi sasa anakwangua spesa mpaka ziwe tupu, na kila mteja anampigia simu hadharani, sauti juu, arudi kukaziwa nati. Ila Kezia akitaka kusafiri, kabla ya kupanda gari lolote huuliza kwanza limefungwa na fundi gani. Akiambiwa ni mumewe, hushukuru, akasubiri jingine.