Mama Supu Amwombea Jabali Mapumziko

Saa kumi na moja alfajiri, kabla sufuria haijachemka, Mama Supu amepiga magoti ndani ya banda, akimkanda nyonga Jabali, mbwa wa kilo sitini na mbili.

"Inuka taratibu, baba," anamwambia. "Hakuna anayetukimbiza."

Kwa miaka kumi na mmoja amewapikia wali na mifupa mbwa wa kampuni ya ulinzi. Wako kumi na tisa, na sheria yao ni moja: kustaafu ni miaka minane. Jabali ana sita na nusu. Kwenye karatasi bado kijana, lakini mdomo umejaa mvi, na kupanda gari la doria huinuliwa kwa taulo linalopitishwa chini ya tumbo.

Zamani Mama Supu aliamini mwili mkubwa ndio maisha marefu. Nyumbani ana kijibwa cha kilo saba, umri miaka kumi na mitatu, na bado kinamtoa mbio paka wa jirani. Huku kazini amezika majitu manne, na hakuna hata moja lililomaliza mwaka baada ya kustaafu. Alipomuuliza daktari wa mifugo, akaambiwa ndivyo walivyo: wakubwa hukua haraka na huchakaa haraka.

"Nilikuwa nawaita wavivu," anasema, akifuta machozi bila kuona haya. "Kumbe ni wazee, na mimi nawasukuma wakafanye kazi."

Mwezi huu alijipa moyo akamwendea meneja. Meneja akamjibu kwamba mwizi haulizi umri. Jabali akisimama tu getini, kazi imekwisha. Mama Supu akamwomba atoke akaone huko kusimama kwenyewe. Jabali alijaribu mara tatu. Meneja akasema mwisho wa mwezi amchukue.

Zikabaki ngazi. Mama Supu alikuwa akiishi ghorofa ya pili, na Jabali hapandi tena. Wiki hii amebadilishana chumba na jirani wa chini. Ni kidogo zaidi, tena kiko karibu na bomba, kelele za ndoo hazikomi. Binti yake alinung'unika sana, kisha akamshonea Jabali godoro.

Daktari anakadiria mwaka mmoja, ukizidi ni bahati. Mama Supu ameshaupangia.

"Maisha yake yote amelala sikio moja liko kazini," anasema. "Nataka alale mchana, mlango wazi, watu wanapita, na yeye asiinuke."