Bastola Niliyoiogesha kwa Limau

Ka-ka-ka! Bado naisikia bastola ile ya zamani ya askari wa farasi, Mzee Seif akizizungusha tundu zake za risasi. Yeye hukusanya silaha kuukuu dukani kwake Temeke, nami humfagilia sakafu. Nyumbani sina wa kuniuliza nimeshindaje, nikaota siku moja Mzee ataniita mwanangu.

Basi mzungu wa kuithamini alipokaribia kuja, nikaisugua kwa jivu na limau kama sufuria ya harusi. Ikameta!

"Alama za kikosi ziko wapi?" mzungu akauliza. "Thamani yake ilikuwa hizo, na ule weusi wa ukale."

"Nimeisafisha mie, bwana."

"Weye binti," Mzee akaguna, "umeiogesha mpaka jina lake limetoka!"

Jioni chumbani nikakamulia chai nusu ya limau iliyobaki, nikajiambia, "Kunywa, mwanangu."