Kizibao cha Aling Luming

Ukitaka kumuudhi Aling Luming, au Bi Luming kama tungesema sisi, mwambie kile kizibao chake cha sungusungu ni kitambaa tu. Kilikuwa cha rangi ya machungwa, kimeandikwa TANOD mgongoni, yaani mlinzi wa mtaa, na yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kukivaa katika mtaa wao pale Tondo, kando ya bandari. Alikifua kwa mkono kila Jumapili baada ya misa, akakianika kivulini kisichuje, na akipita nacho kichochoroni hata mbwa walimpisha. Alikuwa na maringo, tena ya haki. Mwaka uliotangulia alimkimbiza mporaji wa simu mpaka sokoni, kandambili ikiwa mguu mmoja tu, akamkalia hadi polisi walipofika. Mwili anao, kwa hiyo yule kijana hakufurukuta.

Mumewe, Mang Berting, yaani Bwana Berting, alikuwa mpagazi bandarini. Usiku alibeba mizigo, asubuhi alilala, na mchana, nyumba zile za mabati zilipogeuka tanuri, alitoka na wenzake kukaa kwenye benchi, vifua wazi, wakicheza drafti na kubishana juu ya mpira wa kikapu. Ndivyo walivyoishi wanaume wa kichochoro kile tangu enzi za baba zao. Hakuna aliyewahi kudhani kifua chake ni kosa la jinai.

Kisha ikaja amri kutoka juu: uhalifu umezidi, wazururaji wakamatwe, na mzururaji atajulikana kwa kukaa njiani bila shati. Gari la polisi likaanza kuzoa watu mitaa ya jirani. Waliachiwa kesho yake, lakini kwenye hesabu walibaki, kila kifua wazi mhalifu mmoja aliyenaswa. Kapitan Marasigan, kiongozi wa mtaa, ambaye uchaguzi ulikuwa unamkaribia, akazitangaza takwimu hizo kwa kipaza sauti asubuhi na jioni.

Aling Luming hakuwa na ugomvi na ukali. Wezi aliwachukia kuliko Kapitan mwenyewe. Kilichomkera ni kuona nguvu zote zinamwishia mtu anayecheza drafti, ilhali waporaji wa simu, ambao siku zote huvaa mashati, tena mazuri, wanapita zao.

Basi akatumia akili. Kapitan alikuwa amegawa fulana za kampeni, nyeupe, sura yake ikitabasamu kifuani, na wake za watu walishaanza kuzipigia deki. Luming akazikusanya, akazifua, akazitundika kwenye msumari kando ya benchi. Filimbi yake ya doria ikilia mara moja, kwa kirefu, ni mwizi, kama zamani. Ikilia mara mbili, kwa kifupi, ni polisi, vaeni fulana. Gari la polisi likikata kona, lilikuta benchi zima Kapitan anatabasamu, na ni askari gani angethubutu kuitupa sura ile ndani ya karandinga? Walipunga mkono wakapita.

Kapitan akamwita ofisini.

"Dada Luming, kichochoro chako kinaniangusha."

"Kimefanya nini, Kap? Mwaka mzima hatujaibiwa hata sufuria."

"Ndiyo shida yenyewe. Wenzako wote wametoa watu, kwako sifuri. Jumamosi nina mdahalo na yule mwalimu mstaafu. Atasema nakulindieni kwa sababu ya kura."

"Sasa nikuletee nani, na mwizi hayupo?"

"Niletee wazururaji, watano, sita. Wapande jukwaani, watubu, tupige picha, waende zao kula. Ukishindwa, hicho kizibao kina watu wengi wa kuwatosha."

Siku hiyo Luming alikaanga samaki wakaungua na hakujali. Alipomweleza Berting alichotakiwa, Berting akasema, "Nipeleke mimi. Kutubu si kazi, mbona hapa nyumbani natubu kila siku?"

"Nyamaza, Berting."

"Nasema kweli. Kizibao unakipenda, mke wangu, kila mtu anajua."

"Nakipenda sana. Ndiyo maana siwezi kukivaa huku nakupeleka wewe jukwaani kama kibaka."

Jumamosi uwanja wa kikapu ulifurika. Mwalimu mstaafu, Aling Ofelia, alisimama na kuuliza jambo moja: katika hao waliokamatwa, wangapi walikuwa wameiba?

"Mwalimu anawaonea wahalifu huruma," Kapitan akajibu. "Mimi nawaoneeni ninyi." Akapigiwa makofi mengi, nami siwalaumu waliopiga, maana walikuwepo pale waliowahi kushikiwa kisu. "Na hata wale wa kichochoro sugu leo wamekuja kutubu. Luming, walete."

Luming akapanda, kizibao kimepigwa pasi. Nyuma yake Berting na wenzake watano, kila mmoja ndani ya fulana yenye sura ya Kapitan. Akakishika kipaza sauti.

"Hawa ndio wazururaji wangu, Kap. Huyu wa kwanza ni mume wangu. Usiku anabeba magunia, mchana anazurura kwenye benchi mbele ya mlango wetu. Nikipata mwizi nitakuletea mwenyewe, unanijua. Hawa sina kosa la kuwapa."

Halafu sauti ya mama mmoja nyuma ikasema taratibu, "Kap, mbona wote wamefanana na wewe?"

Kicheko kilichoanguliwa pale kilifika sokoni. Hata askari waliinamisha vichwa, mabega yakicheza.

Kapitan alishinda uchaguzi, na kwa kura za kutosha. Watu wanaogopa wezi kuliko wanavyopenda utani. Wiki ile ile akatuma neno: kizibao kirudishwe ofisini.

Luming alikifua ingawa haikuwa Jumapili. Alilia juu ya beseni, hakuficha, akakipiga pasi, akakikunja. Filimbi aliibakiza shingoni, hiyo aliinunua mwenyewe. Alipofungua mlango saa ya jua kali, alisimama hapo hapo kizingitini.

Wanaume wa kichochoro kizima walikuwa wamejipanga nje. Wamevaa mashati ya kanisani, ya mikono mirefu, yamefungwa vifungo mpaka kooni, nywele zimepakwa mafuta. Wale wale ambao mama zao walishindwa kuwavalisha. Berting alikuwa ndani ya shati lake la harusi, tumbo likiligombeza.

"Mnakwenda wapi?"

"Kukusindikiza," Berting akasema.

"Na jua lote hili? Mtazimia."

"Tembea, ofisa. Jasho letu halikuhusu."

Wakatembea katikati ya barabara, yeye mbele, kizibao mikononi. Magari yakapunguza mwendo. Gari la polisi likawakuta njiani, likasimama pembeni, likawapisha. Mlangoni mwa ofisi karani akauliza kwa sauti ya chini, "Jamani, nani kafa?"

"Hajafa mtu," Berting akamjibu. "Sungusungu wetu analeta mali ya serikali."

Luming akakiweka mezani, akakinyoosha ukosi, akageuka. Kurudi alitembea katikati yao, uso juu, filimbi ikining'inia shingoni. Jasho liliwatiririka mpaka viatuni, na hadi wanamfikisha mlangoni kwake, hakuna mwanamume aliyefungua hata kifungo kimoja.