Utando Kwenye Pafu la Mama

Mama alikuwa amekuja Kitengela kunitembelea kutoka Ewuaso Kedong. Ni mtu wa mifugo, na sikuwahi kumwona akilala mchana. Alipoanza kukohoa, tulisingizia vumbi. Aliposhindwa kupumua, nilimkimbiza hospitali, na daktari akanionyesha picha ya pafu moja lililojaa weupe.

"Ni nimonia," akasema. "Bakteria hawa wamejifunika utando unaoteleza. Askari wa mwili wakijaribu kuwameza, wanashindwa kuwashika."

"Amewatoa wapi?"

"Pengine walikuwa puani mwake kitambo, wametulia tu. Hata wewe unaweza kuwa nao sasa hivi."

Nilijifunika pua kwa mkono. Baada ya siku kadhaa za sindano, mama aliketi kitandani akaitisha chai.