Profesa na Maswali ya Mteremko

Leo mtaani kwetu Laini Saba mtu amepigwa kwa sababu ya kujua majibu.

Naandika nikiwa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, na mkono bado unaniwasha. Ndiyo, hata mimi nilimpiga.

Mnamjua Profesa, yule fundi viatu. Kila Alhamisi tukitazama chemsha bongo kwenye TV ya kibanda cha chai cha Mama Atieno, yeye hujibu kabla mtangazaji hajamaliza swali. Kisha anatucheka: "Vichwa maji nyinyi! Maswali ya siku hizi ni mteremko. Zamani ndiyo watu walikuwa wanaulizwa!"

Kwa akili hizo alipewa kiti cha mbele na chai ya bure.

Leo akaja mgeni, Shikuku, seremala wa Kawangware. Alimsikiliza Profesa akijibu maswali manne, akashangaa.

"Buda, si hii tuliiona Jumapili kwa dada yako? Hii ni marudio!"

Profesa akainamia chai yake.

TV yetu inatumia betri ya gari, na kila Jumapili betri huwa imepelekwa kuchajiwa. Sisi hatukujua kuna chemsha bongo ya Jumapili. (Nyinyi wenye stima mlijua mkanyamaza?)

Ngumi ya kwanza ilikuwa ya Mama Atieno. Kiti cha mbele kikavunjikia mgongoni mwa Profesa. Jino likaangukia kwenye chai.

Tulipochoka, mtangazaji akauliza swali lingine. Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Profesa, akiwa chini, pua inavuja damu, akashindwa kujizuia. Akajibu.

Sahihi kabisa.

Tukaanza upya.